Shaba, Nta na Sanamu: Juu ya Kazi za Ife na Benin

Neno shaba katika Kiswahili ni neno pana. Sufuria nyekundu ya mpishi wa karamu, mdila wa kahawa unaong'aa manjano, kengele inayotuita kanisani, vyote twaviita shaba. Mwenye kutaka kupambanua husema shaba nyekundu au shaba ya manjano, kisha huendelea na maneno yake. Waingereza wana majina matatu: moja la shaba tupu, moja la shaba iliyotiwa bati, na moja la shaba iliyotiwa zinki. Tumewasikia walimu wenzetu wakiilaumu lugha yetu kuwa ni maskini kwa jambo hili. Sisi twaona kwamba, katika habari tunayotaka kuieleza, umaskini huo una faida. Wazungu walizipa kazi mashuhuri za Benin jina la shaba yenye bati, na kumbe nyingi kati yake ni shaba yenye zinki. Nao tangu hapo hawaachi kusahihishana. Mswahili akisema "shaba za Benin" hana la kusahihishwa.

Lakini liko jambo jingine ambalo kwalo lugha yetu ni tajiri, nasi tumeupoteza utajiri huo kwa uvivu. Kufua ni kupiga madini kwa nyundo hata yapate umbo. Kusubu ni kuyayeyusha na kuyamimina katika kalibu. Mhunzi wa jembe hufua. Mwenye kutengeneza kengele husubu. Katika kitabu kimoja tulichosomea, na ambacho sisi wenyewe tulikifundisha miaka mingi, mafundi wa Benin waliitwa wafua shaba. Tulilikariri neno hilo mbele ya watoto bila kulifikiri, mpaka siku moja mtoto wa darasa la sita, aliyekuwa akitazama picha ya kichwa kimoja, akatuuliza, "Mwalimu, nyundo iliingiaje puani?" Hatukuwa na jibu. Yafuatayo ni jibu lililochelewa.

Kazi za Ife na Benin, nchi zilizo leo ndani ya Nijeria, ni kazi za kusubu, nazo huanza kwa nta. Fundi hufinyanga kwanza kiini cha udongo chenye umbo la kichwa, akakiacha kikauke. Juu yake hupaka nta ya nyuki, na unene wa nta hiyo ndio utakaokuwa unene wa shaba. Hapo ndipo sanaa yote ilipo. Katika nta laini, kwa kidole na kijiti, fundi hutia kope za macho, ukingo wa midomo, misuko ya nywele, shanga za shingoni. Asipopenda alichokifanya hufuta na kuanza tena. Akiridhika, huifunika nta kwa udongo mwororo sana, mwepesi kama uji, ili uingie katika kila mstari. Na juu ya huo hupaka udongo mzito, tabaka baada ya tabaka, akiacha njia za kuingizia shaba na kutolea hewa. Vipande vya chuma hupitishwa ili kukishika kiini, kisije kikacheza mahali pake. Kisha vyote hutiwa motoni. Nta huyeyuka ikatoka, na pale ilipokuwa pakabaki nafasi tupu. Humo ndimo imiminwamo shaba iliyoyeyuka. Ikipoa, udongo huvunjwa. Kama hewa ilinaswa ndani, shavu litatoka na tundu, na kazi ya siku nyingi imepotea. Kama kila kitu kimekwenda sawa, kimetoka kitu kimoja tu, kwa kuwa kalibu imekwisha kuvunjika na nta imekwisha kuteketea.

Wasomaji wetu wanamkumbuka Hiramu wa Tiro, aliyesubu vyombo vya hekalu la Sulemani katika udongo wa uwanda wa Yordani. Ufundi huu basi ni wa zamani sana, na mataifa mengi waliujua. Lakini kuujua ni jambo moja, na kuutumia vema ni jingine.

Mwaka 1938 watu waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba karibu na jumba la mfalme wa Ife, katika nchi ya Wayoruba, walikuta vichwa vya shaba vilivyokaribia ukubwa wa kichwa cha mtu. Vimekadiriwa kuwa vya kati ya karne ya 12 na ya 15. Sisi tumeviona kwa picha tu, na msomaji aipime hukumu yetu kwa kadiri hiyo. Nyuso nyingi zimetiwa mistari membamba inayoshuka kutoka ukingo wa nywele hadi kidevuni, ikifuata mviringo wa shavu. Wako wasemao ni chale, na wako wasemao ni kivuli cha shanga zilizoning'inia katika taji. Vyovyote iwavyo, mistari hiyo haikuuharibu uso. Nuru hupita juu yake kama ipitavyo juu ya mchanga uliochorwa na maji ya kupwa. Mdomo hautabasamu wala haukuhuzunika. Ukitazama ukingo wake waona kwamba ulikatwa katika kitu laini, kwa mkono usio na haraka. Nyundo haiwezi kufanya hivyo, wala tindo. Ndiyo sababu twasema kwamba mwalimu anayetumia neno kufua hakosei sarufi tu, bali amemnyima mtoto njia ya kuuona uzuri wenyewe.

Katika kazi hizo za Ife kimo kinyago kimoja cha shaba nyekundu iliyo karibu kuwa tupu, kiitwacho kwa jina la mfalme Obalufon. Mafundi wanajua kwamba shaba tupu ni shida kuisubu: hutembea polepole ndani ya kalibu na hushika hewa. Aliyekifanya alikuwa hodari kupita kiasi, au alikuwa na sababu ya ibada ya kuikataa shaba iliyo rahisi. Labda vyote viwili.

Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife mwaka 1910, akakiona kichwa kimoja, akakisifu sana. Kisha akakataa kwamba wazee wa watu wale aliowakuta pale ndio waliokifanya. Akadhani ni mabaki ya Atlantis, nchi ya hadithi za Wayunani. Twaona ajabu ya mtu mwenye macho mazuri namna ile na masikio mabaya namna ile. Mwenziwe Felix von Luschan wa Berlin alikuwa mwadilifu zaidi. Yeye aliandika juu ya kazi za Benin kwamba hata Benvenuto Cellini asingalisubu vizuri zaidi. Sifa hiyo ni ya haki, ikiwa twasema habari ya ufundi wa moto na kalibu. Lakini imewadanganya wengi waliokuja baadaye, wakadhani kwamba kazi ya Kiafrika huwa njema kwa kadiri inavyoikaribia ya Italia. Cellini, alipomsubu Perseus wa Florence kati ya mwaka 1545 na 1554, alitaka kuonyesha tendo: upanga, maiti, kichwa kilichokatwa kikiinuliwa juu. Fundi wa Ife alitaka kuonyesha mtu asiyehitaji kutenda neno lolote ili aheshimiwe. Kumpima mmoja kwa mwingine ni kumpima mtunga tenzi kwa mpiga ngoma.

Tena, kazi ya Ife siyo ya kwanza. Huko Igbo-Ukwu, mashariki ya mto Niger, mtu aliyekuwa akichimba birika la maji nyumbani kwake alikuta vyombo vya shaba, na tangu mwaka 1959 Thurstan Shaw akapachimba kwa utaratibu wa kitaalamu. Vyombo hivyo vimekadiriwa kuwa vya karne ya 9 au ya 10, yaani karibu miaka 500 kabla ya merikebu za Wareno kufika pwani ile. Hivyo ni shaba ya bati kweli kweli. Kimojawapo ni chungu kilicho juu ya kigoda, kimezungushiwa wavu wa kamba, na kamba zenyewe ni shaba, kila fundo limefungwa kama afungavyo mvuvi. Twakiri kwamba katika kazi zote tunazozitaja hapa, hiyo ndiyo tungependa kuishika mikononi.

Swali la nani aliyefanya limefika hata pwani yetu. Katika machimbo ya Shanga, kisiwani Pate, yaliyoongozwa na Mark Horton, alipatikana simba mdogo wa shaba wa karibu mwaka 1100. Umbo lake ni la Kihindi, na hapana haja ya kulificha; walakini wachunguzi wameona kwamba yawezekana alisubiwa papa hapa Afrika ya Mashariki. Na siwa ya shaba ya Lamu, yenye maandishi ya Kiarabu, ilisubiwa kwa njia ile ile ya nta. Mwenye kutaka kila kizuri kiwe cha wageni atasumbuka, na mwenye kutaka kila kizuri kiwe cha kwetu tu atasumbuka vile vile.

Turudi Benin, maana huko ndiko kwenye maneno magumu. Kitabu cha Mholanzi Olfert Dapper, cha mwaka 1668, kilitaja nguzo za jumba la mfalme zilizofunikwa kwa mabamba ya shaba yenye picha za vita. Mabamba hayo twayajua leo kwa mamia. Mfalme amesimama katikati, mkubwa. Watumishi wake ubavuni, wadogo. Vichwa ni vikubwa na miguu ni mifupi. Asiyezoea husema fundi hakujua vipimo vya mwili. Alivijua, ila alipima cheo. Hata hivyo hatupendi kusifu yote kwa mkupuo mmoja. Vichwa vya zamani ni vyepesi, shaba yake ni nyembamba, na nyuso zake zina uhai. Vya karne ya 18 na ya 19 ni vizito, shanga zimepanda shingoni hata kuufunika mdomo, na uso umekuwa kama mlango uliofungwa. Shaba ilikuwa imezidi kwa wingi, na mkono wa fundi ukalegea.

Nayo shaba hiyo ilitoka wapi? Mwaka 2023 wachunguzi wa Kijerumani walionyesha kwamba sehemu kubwa ilitokana na bangili za biashara, zilizotengenezwa kwa madini ya nchi ya Rhine na kuletwa Afrika ya Magharibi na Wareno na wengine. Bangili hizo zilinunua pilipili na pembe, nazo zilinunua watu. Hatuwezi kulipita jambo hili kwa ajili ya uzuri wa kazi. Mtu aliuzwa akapanda merikebu, na bangili alizouziwa zikayeyushwa zikawa shavu la mfalme. Wako wazao wa watumwa huko Marekani waliosema kwamba nao wana neno katika shaba hizo, nasi hatuoni jinsi ya kuwanyamazisha.

Mwezi wa Februari 1897 majeshi ya Uingereza yaliuteka mji wa Benin, mji ukaungua, na Mfalme Ovonramwen akahamishwa Calabar, alikofia mwaka 1914. Shaba na pembe zilichukuliwa kwa maelfu, zikauzwa London, zikatawanyika katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Makumbusho ya London yaitwayo British Museum yana vitu zaidi ya 900 vya Benin. Mwaka 2022 Ujerumani ilitia sahihi mapatano ya kuirudishia Nijeria milki ya vitu zaidi ya 1,000, na mwaka 2025 Uholanzi ilirudisha 119. Mjini Benin kwenyewe chama cha wasubu shaba hakikufa; wazao wao wangali wakifanya kazi katika mtaa wa Igun.

Limebaki neno la tatu, nalo ni sanamu. Picha ni sanamu, mchongo ni sanamu, na mungu wa uongo ni sanamu. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tulilijua neno hilo kwa maana ya mwisho kabla ya kulijua kwa zile mbili za kwanza. Tulipokuwa wanafunzi tuliona vinyago vya mzee mmoja vikichomwa nyuma ya shule, nasi tukashangilia. Hatukuwa tumevitazama, hata leo hatuwezi kusema kama vilikuwa vizuri au vibaya. Mfalme Hezekia aliivunja nyoka ya shaba ya Musa kwa sababu watu waliifukizia uvumba, si kwa sababu ilisubiwa vibaya. Mhubiri anayo haki ya kunena juu ya ibada. Hana haki, kwa sababu hiyo, ya kunena kwamba kazi ni mbovu, wala ya kutuzuia tusiitazame kwanza.

Wakazi wa Dar es Salaam hupita kila siku chini ya sanamu ya Askari, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, iliyowekwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita vya 1914 hadi 1918. Ni ya shaba, na hatujasikia mtu akiiogopa kuwa mungu. Ni kazi safi: mwili umesogea mbele, singe imeelekea bandarini. Lakini haina jina la mtu. Kichwa cha Benin nacho hakikufananishwa na sura ya mfalme fulani. Lakini mwana aliyerithi ndiye aliyeamuru kisubiwe, akakiweka madhabahuni pa babaye, na waliopita pale walijua ni cha nani. Juu ya utosi pana tundu la mviringo. Watazamaji wa makumbusho huliona wakadhani ni kasoro ya kusubu, au mahali pa kutia maua. Humo ilisimamishwa pembe nzima ya ndovu, iliyochongwa habari za enzi yake kutoka chini hadi juu. Na vichwa vingi vilivyo Ulaya vimekaa bila pembe zake.