Somo la "acha" lilipopimwa

Ukikumbuka somo la UKIMWI shuleni, pengine unakumbuka neno moja: acha. Subiri ndoa, kataa zawadi, halafu kengele inalia. Leo tuache kidogo maadili, tuulize swali la kisayansi: je, somo hilo linapunguza mimba za utotoni?

Magharibi mwa Kenya swali hili lilipimwa. Kuanzia 2003, mwanauchumi Pascaline Dupas alitumia shule za msingi 328. Baadhi zilichaguliwa kwa bahati nasibu, walimu wao wakapewa mafunzo ya mtaala rasmi, uliosisitiza kuacha ngono hadi ndoa. Shule 71, nazo kwa bahati nasibu, zikapata kipindi kimoja cha dakika 40 kwa darasa la nane: filamu fupi, kisha takwimu za maambukizi ya VVU kwa umri. Kumbe wanaume watu wazima walikuwa na maambukizi mengi kuliko wavulana wa rika lao!

Matokeo, yaliyochapishwa 2011? Ndani ya mwaka mmoja mimba zilipungua kwa 28% katika shule zilizopata kipindi hicho, na zile za wanaume wakubwa zilipungua zaidi. Mafunzo ya mtaala rasmi hayakuonesha athari yoyote kwa mimba.

Unaona kasoro ya "acha"? Inawaweka wanaume wote kapu moja. Binti hapewi kitu cha kupimia, anapewa amri tu, na amri hiyo alishaisikia nyumbani.

Lakini tusimalizie hapo kwa makofi, maana kipindi chenyewe kina mapengo mawili. Kwanza, kilihusu VVU, si uzazi. Baadhi ya wasichana walihama kutoka kwa "sponsa" kwenda kwa wavulana wa rika lao, na mbegu ya kijana inatungisha mimba vilevile. Hapo binti anahitaji kujua kondomu, sindano na kipandikizi ni nini. Anahitaji kujua kwamba P2 humezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya siku tatu, na kwamba haizuii VVU. Eti ukimwambia hayo unamfungulia mlango? Tathmini iliyochapishwa na UNESCO mwaka 2018 ilikuta elimu ya jinsia haiwaharakishi vijana kuanza ngono.

Pili, mwanamume mtu mzima hakuwemo darasani. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mtoto hawezi kuridhia. Sasa mbona hesabu zote za hatari anapigishwa yeye?

Kwa hiyo ukialikwa kuzungumza shuleni, au ukiwa mzazi kwenye kikao, usiulize tu kama somo "lilifanyika". Uliza: binti ametoka na taarifa gani ambayo jana hakuwa nayo? Kisha uliza nani anazungumza na wale wanaume.