Bustani Juu ya Zege

Mjini Saint-Nazaire, Ufaransa, lipo jengo ambalo mabomu ya Vita Kuu ya Pili yalishindwa kulibomoa. Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1941 ili kuficha nyambizi zao. Ndege za Uingereza na Marekani zilipolishambulia, mji ukasambaratika, zege likabaki. Wenyeji wakajenga mji mpya na kulipa jengo kisogo.

Tangu 2009 juu ya paa lake pana bustani iliyobuniwa na Gilles Clément. Msanii amekwisha kusifiwa. Mimi nawasifu wanaoitunza. Huko juu hakuna ardhi, hivyo udongo wote sharti upandishwe. Mipopla zaidi ya 100 imesimama ndani ya vyumba vya zege visivyo na dari, vilivyokusudiwa mabomu yalipukie humo kabla ya kulifikia paa lenyewe. Na upepo wa bahari haupumziki.

Lakini kazi inayonishangaza zaidi iko kwenye kipande kilichotandazwa udongo haba, kikaachiwa upepo na ndege walete mbegu. Hapo mtunzaji hapandi kitu. Anainama, anachunguza kilichojiotea, anakitambua, kisha anachomeka kibao chenye jina la mmea huo. Ni magugu yaleyale ambayo mkulima yeyote (nami nimo) angeyang'oa bila kuyatazama mara mbili. Kuuzuia mkono using'oe, nadhani, ni kazi ngumu kuliko kupalilia.

Ukifika kule, panda paani usome vile vibao, na uangalie unapokanyaga.