Fundi Redio wa Queen

Mwaka 1972, jijini London, kijana mmoja aliona nyaya zikichungulia kwenye pipa kubwa la takataka. Akazivuta, zikaja na saketi ya redio ambayo mwenyewe alishaitupa. Akaibeba hadi nyumbani, akaifunga ndani ya kasha la spika ndogo ya kuwekwa kwenye rafu ya vitabu, akaiunganishia betri ya volti 9, ikawa amplifaya ya kufanyia mazoezi ya gitaa. Haikuwa na kitufe cha kuongeza sauti wala cha kupunguza. Ukichomeka gitaa inalia, ukichomoa inanyamaza, basi.

Mtu wa namna hii tunamjua. Kila mtaa una wake: kibanda cha mabati, chuma cha kulehemu, redio kumi zilizopasuliwa matumbo, na mwenye kibanda haongei mpaka aone kosa liko wapi. Huyu wa London hakuwa na kibanda. Jina lake John Deacon, na alipookota ile saketi alikuwa amejiunga mwaka uliotangulia na kundi lililoitwa Queen, awe mpiga besi wao. Kundi lenyewe lilikuwa halijatoa hata santuri moja.

Mwimbaji wa kundi hilo hahitaji kutambulishwa kwa wasomaji wa Kiswahili. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, akaondoka na wazazi wake mwaka wa Mapinduzi, 1964, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Pale Shangani, Mji Mkongwe, tangu 2019 kuna jumba la makumbusho lenye jina lake, na wageni hupiga picha mlangoni. Sina neno na wageni hao. Ila mimi, kadiri ninavyozeeka, sikio langu linazidi kushuka kutoka kwa mwimbaji, linakwenda chini kwenye zile nyuzi nne nene, kwa yule bwana aliyesimama karibu na dramu ambaye katika santuri zote za kundi hilo karibu hakuimba neno.

Deacon alizaliwa Leicester, katikati ya Uingereza, Agosti 1951. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 11. Alikuwa bado mvulana alipolichokonoa tepurekoda la nyumbani mpaka likaweza kunasa nyimbo kutoka redioni. Katika bendi yake ya kwanza, The Opposition, alianza na gitaa la rithimu. Mwaka 1966 mpiga besi wao alionekana hatoshi, akatolewa, na Deacon akahamia kwenye nafasi iliyobaki wazi. Hilo kwangu si jambo dogo. Wapiga gitaa wengi wakihamishiwa kwenye besi huendelea kupiga kama watu waliodhulumiwa. Kila wakipata upenyo wanakimbilia nyuzi nyembamba kutukumbusha walikotoka. Yeye alikaa pale kama fundi aliyeonyeshwa chombo kibovu na kuambiwa, hiki hapa, kiangalie.

Alikwenda London kusoma elektroniki katika Chelsea College, akamaliza mwaka 1971 na shahada ya daraja la kwanza. Mapema mwaka huohuo alikutana na Brian May, mpiga gitaa wa Queen, na Roger Taylor, mpiga dramu wao, kwenye dansi la chuo, wakamwita aje ajaribiwe. Queen walikuwa wamekwisha kupitisha wapiga besi watatu. Huyu wa nne walimpenda kwa vidole vyake, lakini pia kwa sababu vyombo vikiharibika alijua kuvitengeneza, na kwa sababu alikuwa mkimya. Katika kundi la watu watatu wenye makelele jukwaani na nje ya jukwaa, ukimya nao ni sifa ya kuajiriwa. Albamu ya kwanza ilipotoka mwaka 1973 walilichapa jina lake kinyumenyume, Deacon John, eti livutie zaidi. Hakupenda, na safari iliyofuata likarudi kama mama yake alivyolijua.

Anayetaka kumsikiliza aanze wapi? Mimi ningemwanzisha na wimbo ambao si maarufu sana, "The Millionaire Waltz" wa mwaka 1976. Freddie anaingia na piano kwa mwendo wa waltz, mapigo matatu matatu, dramu na gitaa vimekaa pembeni, na besi inapewa nafasi ambayo siku zote ni ya gitaa la solo. Inapanda hadi kwenye noti nyembamba, inamjibu mwimbaji anapomaliza kauli, kisha inashuka upesi kuushika msingi kabla piano haijabaki peke yake hewani. Kazi mbili hizo, ya kujibu na ya kubeba, anazifanya kwa pamoja na hamkanyagi mwimbaji hata mara moja. Anaingia pale tu mwenzake anapovuta pumzi. Wapenzi wa taarabu ya Unguja wanauelewa ustadi huu. Lile besi kubwa la kusimama, linalodonolewa kwa vidole nyuma ya fidla na ganuni, hakuna anayelitunza pesa ukumbini. Lakini siku mpigaji wake asipofika, hata mwimbaji hajui aweke wapi mguu.

Mwaka mmoja kabla ya wimbo huo alikuwa ameoa, na akamwandikia mkewe "You're My Best Friend". Aliutunga kwenye kinanda cha umeme cha Wurlitzer, chombo ambacho Freddie alikidharau na kukataa kukipiga, maana piano kubwa ya maana ilikuwepo palepale. Deacon hakubishana. Alikichukua kile kinanda hadi nyumbani, akajifunza, akarudi studio akakipiga mwenyewe. Kwa hiyo katika wimbo ule kuna Deacon wawili. Mmoja yuko kwenye kinanda, ametulia mahali pamoja, sauti inatetemeka kama mwanga wa kandili. Wa pili yuko kwenye besi, naye ndiye anayetembea, anakwenda mbali, anaimba wimbo wake chini ya wimbo, na anarudi kila mara mlango unapofunguliwa. Kijana wa miaka 24, na huo ulikuwa wimbo wake wa pili tu kurekodiwa na kundi.

Albamu yenye wimbo huo, "A Night at the Opera", ndiyo iliyoipa ile saketi ya jalalani kazi ya kudumu. May alichomeka gitaa lake kwenye kile kikasha cha betri, akarekodi sauti moja moja na kuzipandanisha, na katika "Good Company" akatoa bendi nzima ya jazi ya kizamani, tarumbeta, klarineti na tromboni, pasipo mtu hata mmoja kupuliza kitu. Miaka mingi baadaye, mafundi waliotaka kutengeneza nakala ya kikasha hicho walichunguza wakakuta saketi ni ya redio ya Supersonic, iliyoundwa kusini mwa Afrika. Ukimhesabu na Freddie, basi bara letu lilichangia mara mbili.

Lakini kazi iliyomfikisha hata kwa watu wasiojua jina lake ilifanyika Munich mwaka 1980, katika studio za Musicland, chini ya mtayarishaji aliyejulikana kama Mack. "Another One Bites the Dust" ni wimbo wa mtu wa roki aliyekuwa akisikiliza disko bila aibu. Mwaka 1979 kundi la Chic la New York lilikuwa limetoa "Good Times", na mpiga besi wao, Bernard Edwards, alisimulia baadaye kwamba Deacon aliwahi kushinda nao studio. Zipige nyimbo hizo mbili zikifuatana, utaliona deni bila miwani. Zote zinaanza kwa kugonga noti ileile mara tatu kwenye uzi mnene kuliko yote. Baada ya hapo Edwards anatembea, anazunguka, anapanda, anashuka, kama mtu mwenye viatu vipya siku ya Idi. Deacon anagonga tatu, anaacha.

Hapo pa kuacha ndipo nimepasikiliza miaka yote hii. Si rahisi kuacha. Mpiga besi mwenye vidole vyepesi, na tumeshasikia kwamba anavyo, anakaa na nafasi tupu mbele yake na vidole vinamwasha. Tena nafasi yenyewe ni tupu kweli. Taylor hakuufurahia wimbo huu mwanzoni, lakini alikubali kuziziba dramu zake kwa mablanketi zitoe mlio mkavu usio na mwangwi, na mapigo yake yakafungwa kwenye kanda iwe inazunguka bila kuchoka. May alitia vishindo vya gitaa hapa na pale. Karibu kila kitu kingine ni Deacon: besi, gitaa la rithimu, piano iliyogeuzwa nyumambele kwenye kanda, hata makofi. Methali inasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi huichukulia kwamba kimya kinatangulia na mshindo unakuja nyuma. Kwa Deacon havifuatani. Pigo ambalo hakulipiga unalipiga wewe, kwa bega, kwa shingo, kwa kidole kwenye kiti, na ukishalipiga umekwisha kuingia kwenye bendi.

Nimewahi kuusikia wimbo huo ndani ya daladala yenye spika zilizochanika, aina ile ambayo noti za chini hazitoki kabisa na kinachobaki ni kidole kugongana na uzi. Ulipita vilevile. Kondakta alikuwa anagonga bati la mlango, tatu, kimya, tatu. Besi nyingi za kisasa zinategemea ukubwa wa spika na zikikosa hilo zinakufa njiani. Hii inategemea pigo limeangukia wapi, na hilo hata spika mbovu haiwezi kuliiba.

Wenzake Deacon hawakuuona kama wimbo wa kuuza. Michael Jackson, aliyewatembelea nyuma ya jukwaa, ndiye aliyewahimiza wautoe peke yake. Redio za Wamarekani weusi zikaudaka, na Oktoba 1980 ukakaa wiki tatu kileleni mwa chati ya Marekani.

Mwaka uliofuata, Montreux, Uswisi, Deacon akiwa na kundi lake pamoja na David Bowie, alipunguza zaidi. Mstari wa besi wa "Under Pressure" una noti mbili tu. Hadithi ya jinsi ulivyopatikana inatofautiana kwa kila msimuliaji, lakini ninayoipenda ni ile wanayosema kwamba alikuwa ameshaupata, wakaenda kula piza, waliporudi amesahau, na Taylor ndiye akamkumbusha. Iwe kweli au chumvi, inanifurahisha kufikiria kwamba noti mbili zinaweza kupotea. Sababu ni kwamba noti si kitu pale. Yeyote anaweza kuzipata baada ya dakika tano za kushika gitaa. Kilichopotea kwenye piza ni muda uliokaa baina yake.

Sitaki kumfanya malaika. Katika albamu ya 1982, "Hot Space", alikuwa mmoja wa waliolisukuma kundi kwenye dansi hadi mashabiki wa roki wakanuna, na katika wimbo wake "Back Chat" alivutana na May kwa sababu hakutaka solo ya gitaa. May alishinda, na, samahani Bwana Deacon, solo imeufaa wimbo. Kinachochekesha ni kwamba katika sehemu kadhaa za albamu hiyo besi yenyewe ilipigwa na mashine, mpiga besi akabaki ameshika gitaa la rithimu kama enzi za The Opposition. Mwaka 1984 ulitoka wimbo wake "I Want to Break Free", na Afrika Kusini watu waliokuwa wakipinga ubaguzi wakauchukua ukawa wao. Mwaka huohuo Queen wakaenda kupiga hukohuko, Sun City, katikati ya mgomo wa wasanii dhidi ya utawala ule wa ubaguzi. Walilaumiwa sana, na lawama hiyo walistahili.

Freddie alifariki Novemba 1991. Deacon alipanda jukwaani mara chache baada ya hapo, kwa mfano kwenye onyesho la kumbukumbu la Wembley, Aprili 1992, na usiku mmoja wa Januari 1997 jijini Paris, Elton John akiimba. Mwaka huo alishiriki kurekodi wimbo mmoja zaidi, kisha akaliweka gitaa chini. Alikuwa na miaka 46. May na Taylor wameendelea, wamezunguka dunia na waimbaji wengine, wamejaza viwanja. Yeye hakuwafuata, na Queen walipoingizwa kwenye jumba la heshima la roki la Marekani mwaka 2001 hakutokea. Wapo wanaomsikitikia. Mimi nasikia tu mtu yuleyule wa mwaka 1980, aliyejua kugonga tatu na kuuondoa mkono.

May amewahi kueleza kwamba siku hizi hawawasiliani sana. Ila tangu enzi zile Deacon ndiye aliyekuwa na jicho kali la kusoma mikataba na hesabu za kundi, na mambo ya fedha, anasema May, bado yanapitia kwake kwanza.