Sifa ya Kuiga kwa Uaminifu

Wapo wanaoamini kwamba kuiga ni kazi ya mtu asiye na lake la kusema. Bendi za soul za Japani ni ushahidi mzito dhidi ya imani hiyo. Muziki huu ulilelewa na Wamarekani weusi, makanisani na katika kumbi za dansi, ukakomaa katika studio za miji kama Memphis na Detroit. Wajapani hawakuwa na kanisa hilo, lugha hiyo wala historia hiyo. Wengi wao waliujua kwanza kwa kusikiliza santuri. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao waliinama kweli. Ninachoshikilia ni kwamba uigaji ukifanywa kwa uaminifu mpaka mwisho, bila kukwepa sehemu ngumu, humpa mwigaji sauti yake mwenyewe.

Chukua Osaka Monaurail, bendi iliyoanza mwaka 1992 chini ya mwimbaji Ryo Nakata, ambayo imejifunga kwenye mtindo wa mwimbaji wa Marekani James Brown. Katika mtindo huo uzito wote huangukia mpigo wa kwanza: ngoma, besi na ala za kupuliza hukutana hapo, kisha kila mmoja hurudi kwenye nafasi yake ndogo. Mpiga gitaa hurudia kipande kifupi kilekile kwa dakika kadhaa bila kukipamba. Wapuliza tarumbeta na saksafoni hutoa sauti mbili kali, wananyamaza, na kunyamaza kwao ni sehemu ya wimbo. Mmoja akitaka kujionyesha, au besi ikichelewa hata kidogo, jengo zima huyumba. Mwaka 2006 bendi hii ilimpigia Marva Whitney, aliyeimba katika kundi la James Brown mwishoni mwa miaka ya 1960, na wakarekodi naye albamu. Mwimbaji aliyewahi kusimama mbele ya bendi ya asili hadanganywi na suti za sare. Alisikia kazi, akaikubali.

Atakayesema kwamba huo bado ni unakili mtupu amtazame Kiyoshiro Imawano, mwimbaji wa bendi ya RC Succession, aliyempenda mwimbaji wa soul Otis Redding kupita kiasi. Kijapani, kama Kiswahili, huishia kwa irabu karibu kila silabi, wakati waimbaji wa Memphis kama Otis waliegemea sana konsonanti zinazokata neno ghafla. Imawano alilazimika kutafuta upya mahali pa kukwaruza sauti na mahali pa kuiachia, na katika kutafuta huko akapata uimbaji ambao Otis asingeweza kumpa. Mwaka 1988 bendi yake ilirekodi albamu ya nyimbo za wageni zilizotiwa maneno mapya ya Kijapani, mengine yakipinga nishati ya nyuklia. Kampuni yake ya kurekodi, Toshiba-EMI, ilikataa kuitoa albamu hiyo, ikatolewa na kampuni nyingine. Mwigaji asiye na lake la kusema hawezi kumtisha mtu kiasi hicho. Miaka minne baadaye Imawano alirekodi mjini Memphis na Booker T. & the M.G.'s, bendi iliyompigia Otis.

Pingamizi zito zaidi ni la haki: muziki uliotokana na mateso ya watu waliobaguliwa, mgeni anaugusa kwa idhini gani? Swali hili halistahili kupuuzwa, kwa sababu Japani yenyewe ina mfano mbaya. Kundi la Rats & Star, lililotamba miaka ya 1980, lilipanda jukwaani nyuso zikiwa zimepakwa rangi nyeusi, na tabia hiyo ilipojitokeza tena mwaka 2015 ilizua malalamiko ya haki. Walikuwa waimbaji hodari, na uhodari wao hauwaondolei kosa. Lakini kosa hilo linathibitisha hoja yangu. Rangi hupakwa kwa dakika chache, haimdai mpakaji chochote, na humgeuza mwenye muziki kuwa kinyago. Mpigo wa kwanza hudai miaka ya mazoezi, nao humfanya mwenye muziki kuwa mwalimu. Idhini, basi, haitoki kwenye ngozi wala pasipoti. Hupatikana kwa kujifunza kwa bidii, kuwataja walimu kwa majina, kuwapa jukwaa na malipo wangali hai, kisha kusema la kwako. Kwa kipimo hicho, bendi bora za soul za Japani zinastahili kuhesabiwa miongoni mwa warithi halali wa muziki huu.