Nyuzi Mbili za Kasigau

Ukitoka Voi kwenda Mombasa, ukifika Maungu ukakata kulia, barabara itakufikisha chini ya mlima Kasigau. Huko, Rukanga na Makwasinyi, akina mama husuka vikapu vya mkonge, ufundi ambao kila nikiutazama nazidi kuuheshimu.

Jani la mkonge huparuliwa mpaka nyama ya kijani iishe. Nyuzi zinazobaki huoshwa, huanikwa, kisha husokotwa kwa kiganja juu ya paja. Kusuka huanzia kitakoni. Nyuzi za kusimama zikishapangwa, nyuzi mbili za kuzunguka husafiri pamoja: mmoja unapita mbele ya uzi wa kusimama, mwenzake nyuma, na kabla ya kufikia uzi unaofuata zinapishana.

Hapo ndipo pa kutazama mkono. Tuseme uzi mmoja ni mweusi, mwingine mweupe. Msukaji akizipindua nusu mzunguko, mweusi unakwenda nyuma, mweupe unajitokeza, na rangi zinapokezana. Akitaka weusi uendelee, anapindua mzunguko mzima. Sasa kila uzi uko pale pale ulipokuwa, lakini msokoto umebaki, umekaza. Ndani ya kikapu nakshi ni hiyohiyo, rangi zimebadilishana. Hesabu hii ya nusu na mzima anakwenda nayo kichwani, raundi juu ya raundi, kwa wiki kadhaa.

Mwaka 1925 mwanahisabati Emil Artin alichapisha aljebra ya misuko: kila kupishana kuna alama yake, na kuna kanuni za kujua misuko miwili ni sawa wakati gani. Humo, kupishana mara mbili kwa upande uleule si sawa na kutopishana, hata kama kila uzi umerudi mahali pake.

Msokoto huohuo umewasumbua wanaotafuta aljebra ya maumbo yenyewe. Katika homotopia, umbo likivutwa au kubanwa bila kuchanwa huhesabiwa kuwa la aina ileile. Mwaka 1983, katika mswada wa mamia ya kurasa, Alexander Grothendieck alitaka aina hizo zielezwe kwa kategoria za juu: nukta, njia kati ya nukta, njia kati ya njia, na kuendelea. Ukilazimisha kila kanuni iwe usawa kamili, hesabu inakuwa rahisi mno. Lakini mwaka 1998 Carlos Simpson alithibitisha kwamba aljebra hiyo kali hailiwezi hata tufe, yaani uso wa mpira, ukilifuata hadi kipimo cha tatu. Kinachopotea ni kupishana. Vipande viwili vya kipimo cha pili vikipishana juu ya tufe kwa nusu mzunguko, vinaacha katika kipimo cha tatu ile alama aliyoionyesha Heinz Hopf mwaka 1931. Vikienda mzunguko mzima, alama inakuwa mara mbili. Kwa hiyo kategoria zinazofaa ni zile zinazoulegeza usawa na kuhifadhi kila kupishana.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko hapohapo Voi. Ningependa somo la misuko lianze huko kwa nyuzi mbili na kikapu ambacho hakijamalizika, mama wa Rukanga akiwa mbele ya darasa, akilipwa kama mwalimu.