Mlinzi Mwenye Suti: Kicheko na Tabaka katika "Papa Shirandula"

Hakuna kicheko kisichokuwa na upande. Watu wanapocheka yupo anayechekesha na yupo anayechekwa, na mara nyingi yupo wa tatu ambaye haonekani katika mchezo lakini ndiye anayenufaika. Kwa hiyo kada anayeongoza majadiliano tawini, na mwanafunzi anayechambua kazi yo yote ya sanaa, hana budi aulize: Hapa anachekwa nani, na kwa faida ya nani? Katika makala haya tutalielekeza swali hilo kwa "Papa Shirandula", mchezo wa kuchekesha wa televisheni wa ndugu zetu wa Kenya, kisha tutazame mchezo huo unatuhusu vipi sisi wa Mkoa wa Singida.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu ulianza kuonyeshwa na Citizen TV mwaka 2007, ukapendwa kwa miaka mingi. Mhusika mkuu, Papa, aliigizwa na Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020. Papa ni mlinzi. Lakini nyumbani mkewe, Wilbroda, ameaminishwa kwamba mume wake ni mtu wa ofisini. Anatoka kwake amevaa suti. Akifika kazini anavaa sare ya ulinzi. Vituko vingi vinatokana na jasho analolitoa ili siri hiyo isifichuke.

Tukianza na fani, lazima tukiri kwamba msanii amefaulu. Ukinzani wa kitabaka, ambao vitabu vingi huueleza kwa maneno magumu, hapa umewekwa katika nguo mbili za mtu mmoja. Hakuna hotuba. Tena mchezo unatuonyesha jambo ambalo sisi makada hulisahau: tofauti za tabaka haziishii kiwandani wala shambani. Zinaingia ndani ya nyumba na kukaa kati ya mume na mke. Papa analinda mali isiyokuwa yake, na akirudi kwake analinda uongo. Kazi zote mbili zinamchosha, na ni moja tu inayolipwa.

UDHAIFU WA MAUDHUI

Hata hivyo, tukiingia katika maudhui tunaona kasoro kubwa. Kicheko chote kinamwangukia Papa. Tunacheka majivuno yake, hofu yake na lafudhi yake ya magharibi mwa Kenya. Hatuulizwi kwa nini mwenye kulinda mali aone haya mbele ya mkewe, na mwenye mali asione haya kwa mshahara anaoutoa. Mchezo wa mfululizo huishi kwa siri isiyokwisha. Wiki hii siri inaponea chupuchupu, wiki ijayo tunaanza upya. Kwa hiyo aibu inakuwa bidhaa, na bidhaa haipewi nafasi ya kwisha.

Hili si geni kwetu. Wachambuzi wa sanaa zetu za maonyesho wameeleza kwamba vichekesho vya wakati wa mkoloni vilizoea kumdhihaki mshamba na mtu asiyesoma. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 vikundi vya sanaa viliichukua fani hiyo hiyo vikaigeuza imchome mnyonyaji na mla rushwa. Basi kosa haliko katika fani. Kosa liko katika upande ambao kicheko kimeelekezwa.

UTANI NA DHIHAKA

Wazee wetu wa Singida, Wanyaturu kwa Wanyiramba, hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo, kwa sababu wanaujua utani. Katika utani anayechekwa ana haki ya kujibu pale pale. Mjukuu humtania bibi, na bibi humrudishia kwa ukali zaidi. Kuwa na ng'ombe wengi hakumwokoi mtu na ulimi wa mtani wake. Dhihaka ya kitabaka ni kinyume cha utani: inatoka juu kwenda chini, na aliye chini hana zamu ya kusema.

Tumfikirie kijana wa Ikungi au Mkalama anayeacha shamba la alizeti kwenda Dar es Salaam, akapata kazi ya kulinda geti; au binti anayekwenda kufanya kazi za ndani. Mwisho wa mwaka anarudi na shati jipya. Akiulizwa kazi yake, anajibu kwamba yuko kampuni. Hasemi kwamba ni kampuni ya ulinzi. Hapo Papa ameshuka kutoka katika televisheni, amekaa uani kwetu, na mama yake ndiye Wilbroda. Je, tumcheke?

Sisi tunasema aliyemfundisha kuona haya ndiye wa kuulizwa, na katika hilo makada hatuwezi kujitoa. Tumeimba kwamba kazi ni kipimo cha utu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na dharau kwa anaowaongoza. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti ya uongozi yalilegezwa. Lakini hakuna kikao kilichohalalisha dharau. Leo wapo miongoni mwetu wanaofika mkutanoni kwa gari, geti likafunguliwa, wakapita bila hata kumsalimu aliyelifungua. Kisha ndani wanazungumzia wanyonge.

HITIMISHO

Hatusemi mchezo huu usitazamwe. Utazamwe, hasa na vijana wetu vyuoni na matawini, na ujadiliwe. Lakini majadiliano yasiishie kwa Papa kuwa mwongo. Yaulize mshahara wake ni kiasi gani, nani anaupanga, na kwa nini suti iheshimiwe kuliko sare. Na kabla ya kuanza, mlinzi wa jengo la mkutano aitwe akae pamoja nasi, naye apewe zamu ya kutucheka.