Kucheka kaburini: Kejeli ya vita katika filamu ya nyimbo

Juzi mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alinijia ofisini uso umemkunjamana. “Prof, watu wanakufa na hawa wanaimba tu na kucheka. Huu si utovu wa adabu?” Alikuwa ametoka kuitazama filamu *Oh! What a Lovely War*, niliyokuwa nimeipendekeza darasani. Nilimwambia aketi. Swali lake halikuwa la kupuuzwa.

Filamu hiyo ya 1969 ndiyo ya kwanza kuongozwa na Richard Attenborough. Ilitokana na mchezo ulioigizwa London mwaka wa 1963 na kundi la Joan Littlewood, Theatre Workshop. Nao mchezo ulichipuka kutoka kipindi cha redio cha BBC kilichotayarishwa na Charles Chilton, kuhusu nyimbo za askari wa Vita Vikuu vya Kwanza. Babake Chilton aliuawa katika vita hivyo mwanawe akiwa mchanga. Basi anayetuchekesha hapa si mpita njia. Ni yatima.

Na nyimbo zenyewe hakuzitunga. Ni za askari, waliochukua mahadhi ya tenzi za kanisani na kuyapachika maneno yao ya kuwasuta makamanda, chakula kibovu na matope ya mahandaki. Aliyekatazwa kusema huimba. Wapenzi wa taarabu hawahitaji kuelezwa hilo. Wanajua fumbo linavyomfikia mlengwa naye akabaki hana pa kushika.

Attenborough anaiweka vita kwenye gati la starehe mjini Brighton. Jenerali Haig anauza tiketi mlangoni, ati watu waje wajionee vita! Ukoo wa Smith unaingia ukitabasamu. Maggie Smith, msanii wa jukwaani, anawarai vijana kwa wimbo na mapozi. Wanapopanda jukwaani wanamkuta mama mwenye uso mkavu aliyejipaka poda, na tayari wamekwisha kuandikishwa jeshini. Ubao wa matokeo ya kriketi unahesabu wafu, na ardhi iliyotekwa ni sufuri. Damu huioni. Anayekufa hutangulizwa na ua jekundu la mpopi. Kisha inakuja tamati: wanawake waliovaa meupe nyikani, na kamera inapaa juu, juu zaidi, misalaba myeupe ikijaa kilimani hadi unashindwa kuhesabu. Nimeitazama mara nyingi na bado hunikaba koo.

Hata hivyo, nina kinyongo nayo. Littlewood aliwavisha waigizaji wake mavazi ya vikaragosi, akaonyesha takwimu za vifo nyuma yao huku wakicheza. Kejeli yake ilikuwa na makali ya kisu kipya. Attenborough aliwarundika nyota, Olivier, Gielgud, Redgrave na wenzao, na mara nyingine nilijikuta nikimtafuta Olivier badala ya kumchukia jenerali. Urembo wa picha nao unapoza hasira. Kinaya kikipambwa mno hugeuka pambo.

Lipo na pengo jingine. Vita hivyo vilipiganwa hapa kwetu pia. Vikosi vya von Lettow-Vorbeck viliweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya Ulaya kunyamaza. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika waliangamia kwa maradhi, njaa na mizigo. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, tulilitafuna kwa meno yetu likawa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Leo tunakwenda huko kununua vyondo na nyama choma, wala hatuulizi. Ubao wa Brighton hauna safu yao.

Mwanafunzi alisikiliza, akakubali kwamba kicheko kinaweza kuwa kilio. Lakini hakuondoka. “Na nyimbo za wapagazi, Prof? Nani alizikusanya?”

Nikamwambia aandike pendekezo la utafiti, aniletee Jumatatu.